Mintarafu ya Nyumba ya Wanawake Wasio na Waume

Jumapili ya tarehe 22 Agosti 1993, shirika la televisheni la Fox huko Marekani liliwafungulia watazamaji wake mlango wa nyumba moja ya Brooklyn, katika jiji la New York, ambamo wanawake watatu weusi waliishi pamoja bila ya mume, bila ya baba na bila ya mlezi, na wa nne, aliyekaa ng'ambo ya barabara, aliingia kila siku bila ya kubisha hodi na kula kilichomo jikoni kana kwamba kodi ya nyumba aliilipa yeye. Mchezo huo wa kuchekesha uliitwa Living Single. Ulidumu kwa misimu mitano na sehemu 118, hata ukafungwa tarehe 1 Januari 1998. Na ijapokuwa katika habari za burudani za Marekani michezo mingine ya jinsi hiyo imeandikwa kwa wino mzito zaidi, mimi naamini kuwa hapana hata mmoja uliostahiki kiti cha mbele kuliko huu, na ili nilithibitishe neno hilo sina budi kwanza kurudi nyuma, kwa maana nyumba hiyo haikusimama mpaka wengine walipokwisha kuugombania uwanja.

Katika miaka ya mwanzo ya televisheni, mwanamke asiyeolewa aghalabu alionyeshwa kama mtu ambaye hadithi yake haijaanza, na itakayoanza siku ya posa. Eve Arden, katika Our Miss Brooks, mchezo ulioonyeshwa tangu mwaka 1952 hata 1956, alikuwa mwalimu wa Kiingereza mwenye akili kali na ulimi mwepesi, walakini moyo wake wote ulielekea kwa mwalimu mwenzake wa elimu ya viumbe, ambaye hakuwa na haraka ya kuufahamu. Mwaka 1966 akaja Marlo Thomas katika That Girl, msichana aliyekwenda New York kutafuta kazi ya uigizaji na kupanga chumba chake mwenyewe, ilhali baba yake hachoki kuja kumchungulia. Na mchezo ulipofika mwisho mwaka 1971, wakubwa wakataka arusi iwe ndiyo tamati, Marlo Thomas akakataa katakata, kwa kuwa hakupenda wasichana waliomfuata miaka mitano waachwe na fikira kwamba njia zote za mwanamke huishia mahali pamoja. Katika kipindi hichohicho Diahann Carroll aliigiza katika Julia, uliofunguliwa mwaka 1968, akiwa muuguzi mweusi, mjane wa rubani aliyeuawa katika vita vya Vietnam. Na ingawa heshima aliyoiletea mwanamke mweusi mbele ya macho ya taifa zima haikupata kuonekana kabla yake, upungufu mmoja ulibaki, nao ni kuwa Julia hakupewa masahibu wa kike wa jamii yake. Jirani yake wa karibu alikuwa Mzungu. Alilia na kucheka peke yake au na mwanawe, na hilo lilikaa miaka mingi kabla ya kurekebishwa.

Vita vilivyo dhahiri zaidi vilipiganwa mwaka 1970. James L. Brooks na Allan Burns, watunzi wa The Mary Tyler Moore Show, walitaka shujaa wao, Mary Richards, mwenye umri wa miaka 30, awe mtalaka anayeanza maisha upya katika mji wa Minneapolis. Shirika la CBS likapinga. Hofu moja ilikuwa kwamba watazamaji, waliokwisha kumzoea Mary Tyler Moore kama mke wa Dick Van Dyke katika mchezo wa awali, wangedhani kuwa amemwacha bwana yule waliyempenda. Na watunzi hao walisimulia baadaye kuwa mtu wa utafiti wa shirika aliwaambia kwamba kuna mambo manne ambayo Wamarekani hawayataki katika televisheni, nayo ni watu walioachana, watu wa New York, wanaume wenye masharubu, na Wayahudi. Basi talaka ikaondolewa, pakawekwa uchumba uliovunjika: Mary alikuwa amemngojea kijana mmoja amalize masomo ya udaktari, kisha kijana yule asitimize ahadi. Naliona jambo hili kuwa lastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu linaonyesha wazi mpaka wa huruma ya wakati ule. Mwanamke aliyeahidiwa akadanganywa aliweza kupendwa na taifa. Mwanamke aliyeijua ndoa kisha akaitoka hakuweza.

Walakini watunzi wale walipata kwa njia ya pembeni walilonyimwa kwa njia kuu. Mary alikwenda kuomba ukatibu katika chumba cha habari cha kituo cha televisheni, akaambiwa nafasi imekwisha, akapewa nyingine iliyo kubwa zaidi kwa jina na pungufu kwa dola 10 za mshahara kila juma. Na tangu hapo suala la thamani ya kazi ya mwanamke likawa ndani ya mchezo na halikutoka. Ghorofa ya juu ya nyumba aliyopanga alikaa Rhoda Morgenstern, Myahudi wa New York, mpambaji wa madirisha ya duka, yaani mambo mawili katika yale manne yaliyokatazwa yalikuwa yakikaa juu ya dari. Nje ya studio dunia nayo ilikuwa ikigeuka: mwaka 1972 Mahakama Kuu ya Marekani ilihukumu kwamba watu wasiooana wasinyimwe dawa za kuzuia mimba, na mwaka 1974 Bunge likapitisha sheria ya kuzikataza benki kumnyima mtu mkopo kwa sababu ya jinsi yake au kwa kuwa hana ndoa. Mary Richards alipoanza kuonekana, mwanamke wa mfano wake aliweza kurudishwa na karani wa benki mikono mitupu kwa kosa tu la kukosa mume.

Rhoda alipopewa mchezo wake mwenyewe, akaolewa humo mwezi Oktoba 1974, Wamarekani zaidi ya milioni 50 waliitazama arusi yake. Kisha watunzi wakagundua kwamba wameibomoa nyumba waliyoijenga, kwa maana mke aliyetulia na mumewe hakuwa tena na sababu ya kupanda ngazi usiku kwenda kumweleza shoga yake yaliyompata; na mwaka 1976 wakawatenganisha wale wawili, jambo ambalo watazamaji hawakulisamehe. Michezo hii iliyadhania mapenzi kuwa ndiyo mada yake, kumbe mapenzi yalikuwa habari tu zinazoletwa barazani, na baraza yenyewe ndiyo iliyokuwa mchezo.

Na baraza hiyo ilikuwa na sababu ya kifundi, ambayo waandishi wengi wa mambo haya huipita. Tangu I Love Lucy ya mwaka 1951, michezo mingi ya kuchekesha ya Marekani ilipigwa picha kwa kamera tatu kwa pamoja, mbele ya hadhira iliyokaa studioni na kucheka papo hapo. Kamera hizo na hadhira hiyo hazikuweza kumfuata mwigizaji njiani wala sokoni. Zilihitaji chumba kilichokosa ukuta mmoja, kochi katikati, mlango upande mmoja na jikoni upande wa pili, ili kila mtu aingie, aseme, atoke. Kwa hiyo mambo makubwa ya moyo, kama vile kutongozwa, kuachwa na kufumania, mara nyingi yalitendeka nje ya macho ya mtazamaji, na kilichobaki kwa kuonyeshwa ni kuhadithiana kwake. Ufukara wa studio ukawa utajiri wa usuhuba. The Golden Girls, uliofunguliwa mwaka 1985 na kudumu hata 1992, ulikipeleka chumba hicho Miami na kuwakalisha humo wajane na mtalaka waliokwisha kupita umri wa makamo, na Susan Harris aliyeutunga alithibitisha kwamba hata bibi mwenye wajukuu ana hamu, ana wivu na ana la kusimulia usiku. Mtalaka aliyekatazwa mwaka 1970 alikuwa sasa anakaa kochini.

Ndipo akaja Yvette Lee Bowser. Alikuwa amejifunza kazi katika chumba cha waandishi cha A Different World, mchezo wa wanafunzi wa chuo cha watu weusi, na alipopata fursa ya kutunga chake, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kubuni mchezo wake mwenyewe wa saa za jioni ukafanikiwa katika mashirika makubwa ya televisheni ya Marekani. Wahusika wake aliwachota katika nafsi yake na kwa marafiki zake. Wakati nao ulimsaidia: mwaka 1992 Terry McMillan alikuwa ametoa Waiting to Exhale, riwaya ya wanawake wanne weusi na mapenzi yao, na kwa namna ilivyonunuliwa ilidhihirisha kwamba wasomaji wa habari hizo walikuwapo siku zote, ila hawakuhesabiwa. Katikati ya nyumba Bowser alimweka Khadijah James, jina ambalo mwambao wetu unalijua kwa taadhima, mwenye jarida dogo liitwalo Flavor na mhariri wake, anayehangaika na wachapaji, matangazo na madeni. Aliyemwigiza, Queen Latifah, alikuwa mwimbaji wa rapu mashuhuri, na katika mwaka huohuo wa 1993 alitoa wimbo wa U.N.I.T.Y., wa kuwakanya wanaume wanaowatukana wanawake njiani. Pamoja naye walikaa Synclaire, binamu yake mwenye roho nyeupe, aliyeigizwa na Kim Coles, na Regine, mpenda nguo na mtafuta tajiri, aliyeigizwa na Kim Fields. Ng'ambo ya barabara alikaa Maxine Shaw, wakili, sahibu wa Khadijah tangu Chuo Kikuu cha Howard, naye aliigizwa na Erika Alexander.

Kuhusu Maxine huyu Bowser amesimulia kwamba wakubwa walimtaka amwondoe, kwa kuwa walimwona mkali mno na mwenye kuwatisha wanaume, na suluhu ikawa kumtoa ndani ya nyumba na kumpa makao jirani. Sijui kama wakubwa hao walitambua walivyomkuza kwa uamuzi wao. Mtu anayekaa ndani huingia bila ya kutazamwa, ilhali Max kila alipoingia aliingia kwa mlango mkubwa, mbele ya hadhira, na neno lake la kwanza lilikuwa limekwisha kunolewa njiani. Majibizano yake na Kyle Barker, dalali wa hisa aliyekaa ghorofa ya juu na Overton, fundi wa nyumba, yalikuwa ni mahaba yaliyovaa silaha, ambayo hakuna upande uliotaka kuyaungama kwanza. Wanasiasa wanawake wa zama zetu, akiwamo Stacey Abrams wa Georgia na Ayanna Pressley wa Massachusetts, wamesema hadharani kwamba katika Max walimwona mtu aliyewatia moyo. Msichana mweusi wa miaka ile aliwaona mawakili katika televisheni. Wakili mweusi wa kike, msomi, mlafi, mwenye hamu ya mapenzi asiyeionea haya, na asiyeadhibiwa na mtunzi kwa sifa hizo, alimwona kwa Bowser.

Tarehe 22 Septemba 1994 shirika la NBC lilifungua Friends: vijana sita wa New York, wanawake watatu na wanaume watatu, katika nyumba mbili zinazokabiliana, na kampuni iliyoutengeneza ilikuwa ileile iliyotengeneza Living Single, yaani Warner Bros. Queen Latifah amesimulia kwamba mkuu wa NBC, alipoulizwa siku moja ni mchezo upi wa shirika jingine angeutamani uwe wake, alitaja Living Single. Mimi sidai kwamba Friends ulikosa ustadi wake. Nasema tu kwamba mmoja ulipata matangazo ya dunia nzima, na waigizaji wake sita katika misimu miwili ya mwisho wakalipwa dola milioni moja kila mmoja kwa kila sehemu, na mwingine, uliotangulia kwa mwaka mzima na uliopendwa kuliko karibu kila kitu katika nyumba za watu weusi, ulibaki kuitwa mchezo wa watu weusi, kana kwamba ule wa pili ulikuwa wa watu tu. T.C. Carson, aliyemwigiza Kyle, amesema waziwazi kwamba aliondolewa baada ya kulalamikia tofauti hiyo. Na katika hadithi Kyle akapelekwa London mwishoni mwa msimu wa nne. Fox nayo ilikuwa imekwisha kugeuza uso: Desemba 1993 ilinunua haki ya kuonyesha mechi za kandanda ya Kimarekani kwa zaidi ya dola bilioni 1.5, na katika mwaka uliofuata michezo minne yenye waigizaji weusi, ukiwamo In Living Color, ikakoma kwa mfululizo. Shirika lililojijenga kwa watazamaji weusi lilipopata nauli ya kwenda kwingine, liliondoka.

Sex and the City, uliofunguliwa na HBO mwaka 1998, miezi michache baada ya nyumba ya Khadijah kufungwa, ulikuwa na bahati mbili: mkondo wa kulipiwa usioogopa wenye matangazo, na kamera iliyoweza kutembea njiani, hata baraza ikahamia kwenye meza ya mkahawa. Ulisema kwa uwazi mambo ambayo Max aliyasema kwa mafumbo. Lakini New York yake, kwa sehemu 94, ilikuwa karibu nyeupe tupu, na Brooklyn iliyoonekana humo aghalabu ni mahali pa kuonea unyonge kuhamia. Urithi wa Bowser uliangukia kwingine, kwa Mara Brock Akil, aliyefungua Girlfriends mwaka 2000, wanawake wanne weusi wa Los Angeles, na kuuendesha kwa sehemu 172, mpaka mgomo wa waandishi ulipopita na mchezo ukakatwa mwaka 2008 bila ya kupewa hata sehemu moja ya kuagana.

Kwetu huku mchezo wa jinsi hiyo umefika kwa njia ya kusini. Mwaka 2022 huduma ya mtandaoni ya Showmax ilianza kuonyesha Single Kiasi, tamthilia ya wanawake watatu marafiki wa Nairobi, iliyochukuliwa katika Unmarried ya Afrika Kusini na kuvikwa Kiswahili, Kiingereza na Sheng kwa pamoja, kama wanavyosemezana wakazi wa mji huo. Humo mtalaka hakuombewa ruhusa kwa mtu wa utafiti. Na mama mzazi, ambaye katika Brooklyn alikuja kutembea mara moja moja, Nairobi yupo karibu, ana simu, ana maoni juu ya mkwe, na wanawake wale watatu hulazimika kumpatia nafasi yake kochini.