Robo karne ya kuipima swichi ya KVM: cheti kinathibitisha nini?

Agosti 2025 ilitimia miaka 25 tangu kuchapishwa, nchini Marekani, kwa waraka wa kwanza wa masharti ya kupimia usalama wa kifaa ambacho wengi wanaokitumia hawakijui hata jina. Mafundi hukiita swichi ya KVM. Ni kisanduku kinachokaa karibu na skrini: upande mmoja kimechomekwa kibodi, kipanya na skrini hiyo, upande wa pili kompyuta mbili, nne au nane, na juu yake kuna kitufe cha kuchagua ni kompyuta ipi inayoongozwa kwa wakati huo. Katika ofisi ya kawaida kazi yake ni kupunguza msongamano mezani. Katika wizara ya ulinzi au ubalozi kazi hiyo ni nzito zaidi, kwa sababu kompyuta moja iko kwenye mtandao wa siri na jirani yake iko kwenye intaneti. Mitandao hiyo imetenganishwa kwa nyaya zake, vyumba vyake na sheria zake, halafu yote inakuja kukutana kwenye kisanduku kimoja. Kumbukumbu ya miaka hiyo 25 imepita kimya, na hiyo ni hasara, maana historia ya kukipima kifaa hiki inajibu swali la kila anayenunua teknolojia kwa fedha za umma: cheti cha usalama kinathibitisha nini hasa? Ninachotetea hapa ni kwamba cheti kina thamani pale tu kinapoutaja mwanya kwa jina na kueleza kipimo ambacho kifaa kingeweza kushindwa. Daraja la heshima lisilo na kipimo cha namna hiyo halimlindi mtu.

Asiyekijua kifaa hiki hudhani hakuna cha kupima. Kitufe kikibonyezwa, njia moja inakatwa na nyingine inafunguliwa, basi. Lakini vifaa vinavyogawanwa vina kumbukumbu, na kumbukumbu hubeba vitu. Kila skrini ya kisasa ina chipu ndogo inayoieleza kompyuta aina ya skrini hiyo na ukubwa wa picha inaoweza kuonyesha. Chipu hiyo isipofungwa dhidi ya kuandikwa, programu haramu iliyojificha kwenye kompyuta ya siri yaweza kuacha humo herufi chache, na swichi ikigeuzwa kompyuta ya intaneti inazisoma. Taa ya herufi kubwa kwenye kibodi huwashwa na kompyuta, si na kibodi yenyewe. Kwa hiyo kuna data inayosafiri kutoka kompyuta kwenda kwenye kibodi, na chochote kinachokumbuka hali ya taa hiyo baada ya swichi kugeuzwa kimebeba ujumbe. Spika ikiunganishwa na tundu la kuingizia sauti hufanya kazi kama maikrofoni na kusikiliza mazungumzo ya chumbani. Tundu la USB halijui kama kilichochomekwa ni kibodi kweli au ni kifaa kingine kinachojitambulisha kama kibodi. Hakuna hata mmoja kati ya mianya hii unaohitaji swichi iwe mbovu. Swichi yaweza kufanya kazi yake barabara, na siri ikavuja vilevile.

Jinsi binadamu alivyojifunza kuichukulia mianya ya namna hii kwa uzito imeelezwa vizuri kuliko popote katika makala ya ndani ya Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani, NSA, iliyoandikwa mwaka 1972 na kufunguliwa kwa umma mwaka 2007. Ni makala hiyo ninayoitegemea hapa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi la Marekani lilikuwa likituma maandishi yake ya siri kwa mashine ya kampuni ya Bell iliyoitwa 131-B2, ambayo ilichanganya maneno halisi na mkanda wa namba ili adui asiweze kuyasoma. Mtafiti mmoja katika maabara ya Bell alikuwa na osiloskopu iliyowashwa sehemu ya mbali ya maabara hiyo. Akaona kwamba kila mashine inapopiga hatua, alama kali inachomoza kwenye kioo chake. Alipozichunguza alama hizo kwa makini aligundua kwamba zinatosha kumpa maneno halisi, yale ambayo mashine ilikuwa ikiyaficha. Fumbo lenyewe lilikuwa imara. Chombo cha kulitengeneza ndicho kilichokuwa kikisema ovyo.

Kampuni ilikuwa imewauzia wanajeshi mashine hiyo kwa ahadi kwamba ni salama, hivyo haikuwa na budi kuwaambia. Maofisa wa kikosi cha mawasiliano hawakuamini. Walitaka waone kwa macho yao kwamba alama ndogo kiasi hicho zingeweza kumfaa adui nje ya maabara, tena vita ikiwa imepamba moto. Ndipo wahandisi wa Bell walipowekwa katika jengo moja kwenye mtaa wa Varick, New York, mkabala na kituo cha mawasiliano ya siri cha jeshi, umbali wa futi 80 hivi. Walirekodi kwa muda wa saa moja. Saa tatu au nne baadaye walikabidhi takriban asilimia 75 ya maneno halisi yaliyokuwa yamepita kituoni. Ubishi uliisha hapo hapo. Jeshi likaomba dawa, Bell ikaileta baada ya miezi sita: kufunika mashine, kuchuja umeme wake, kuzifunika alama kwa kelele. Lakini dawa hiyo ilidai kila mashine irudishwe kurekebishwa, na jeshi likaona ni rahisi zaidi kuwaambia makamanda walinde eneo la futi 100 hivi penye vituo vyao. Kisha jambo lote likasahaulika, hata likaja kugunduliwa upya na CIA mwaka 1951, kwa mashine ileile.

Nimelikalia tukio hili kwa sababu limebeba hoja nzima. Kilichowashawishi wenye mashaka ni kipimo kilichofanywa kwenye kifaa halisi, kwa umbali halisi, chenye matokeo yanayohesabika. Ahadi ya kampuni ilikuwepo tangu mwanzo na haikuzuia lolote. Tena tukio linaonyesha kwamba maarifa yasiyoandikwa kama sharti la upimaji hupotea, hata yakiwa yamelipiwa kwa kazi ya miezi sita ya wahandisi bora.

Miongo iliyofuata ilizalisha madaraja. Mwaka 1983 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitoa kitabu cha jalada la rangi ya chungwa kilichopanga mifumo ya kompyuta kuanzia D hadi A1. Ulaya ikaja na mfumo wake mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 1996 pande zote zikaungana katika Common Criteria, uliofanywa kiwango cha kimataifa mwaka 1999 ukiwa na ngazi saba, EAL1 hadi EAL7. Waraka wa swichi wa Agosti 2000 ulizaliwa ndani ya mfumo huo, na kwa wakati wake ulikuwa kazi ya heshima. Ulidai kwamba data na hali ya vifaa visipite ila kwenda kwenye kompyuta iliyochaguliwa. Ulidai vifaa vyote vya kundi moja viunganishwe na kompyuta moja tu kwa wakati, na mtumiaji aonyeshwe bila utata ni ipi. Programu ya ndani ya swichi ilitakiwa ikae kwenye kumbukumbu isiyoweza kuandikwa upya, iliyofungwa kwenye bodi yenyewe. Matoleo yaliyofuata yaliongeza sharti kwamba swichi ikigundua kifaa cha USB kisicho cha aina inayoruhusiwa isishughulike nacho, na umuhimu wa sharti hilo ulionekana kwa wote mwaka 2014, Karsten Nohl na Jakob Lell walipoonyesha huko Las Vegas jinsi kijiti cha USB kinavyoweza kubadilishwa kiwe kibodi ya uongo. Pengo la waraka lilikuwa kwingine: ulisema nini kisitokee, ukawaachia mtengenezaji na maabara wapange wenyewe namna ya kuthibitisha. Mnunuzi alichokiona mwishoni ni ngazi, EAL2 au EAL4, na ngazi ndiyo iliyogeuka tangazo la biashara.

Ubishi juu ya ngazi hizo haukuanzia kwenye swichi. Mwaka 2002 Windows 2000 ilipata cheti cha EAL4, na Jonathan Shapiro wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins akaonyesha kwamba cheti hicho kilitolewa kwa kufuata waraka uliodhania watumiaji wasio na nia mbaya na mazingira yanayosimamiwa vizuri. Ngazi ilieleza ukali wa ukaguzi. Haikueleza adui ni nani. Mamlaka ya Marekani ya tathmini hizi, NIAP, hatimaye iliachana na ngazi na kudai kila aina ya kifaa iwe na waraka wake wenye vipimo vinavyofanana kwa wote. Kwa swichi matunda yalionekana katika toleo la tatu, Februari 2015. Humo maabara inaambiwa hatua kwa hatua ipime nini na kwa chombo gani: njia ya kibodi na kipanya iwe ya upande mmoja tu, jaribio la kuandika kwenye chipu ya skrini lishindwe, njia za ziada zilizomo ndani ya waya wa HDMI zifungwe, tundu la sauti lisipitishe chochote kurudi ndani. Maikrofoni haziruhusiwi, na kibodi zisizotumia waya vilevile. Kisanduku kikifunguliwa kijizime kabisa na kionyeshe wazi kwamba kimechezewa. Ukiusoma waraka huo pamoja na kisa cha mtaa wa Varick, unaona ni akili ileile imerudi, safari hii ikiwa sharti lililoandikwa.

Wapo wanaopinga, na hoja zao si nyepesi. Wataalamu wa Ulaya, hasa wa Ujerumani na Ufaransa, wamesema kwa miaka mingi kwamba orodha ya vipimo humfundisha mshambuliaji mahali pasipopimwa, na kwamba mpimaji hodari aliyeachwa huru atagundua zaidi. Makubaliano ya 2014 ya kutambuana vyeti, yaliyoshusha utambuzi hadi EAL2 pale ambapo hakuna waraka wa pamoja, yaliwafanya wazidi kutegemea makubaliano yao wenyewe kwa ngazi za juu. Wana mfano wenye nguvu: kadi za benki na pasipoti, ambazo tathmini zao za Ulaya zinaheshimiwa kote. Lakini mfano huo unaunga mkono hoja yangu. Ubora wa tathmini za kadi unatokana na kikundi cha wataalamu kinachokusanya na kusasisha mbinu halisi za mashambulizi, ili kila maabara ijue ijaribu nini. Hiyo nayo ni orodha, ila inayokua. Wengine husema kisanduku cha mezani ni kitu kidogo mno kustahili gharama hizi. Lakini Aprili 2013, mtu aliyejifanya fundi wa kompyuta aliingia tawi la benki ya Barclays huko Swiss Cottage, London, akaacha swichi ya KVM iliyounganishwa na kipitishio cha mtandao wa simu, na pauni milioni 1.3 zikahamishwa. Swichi ile ilikuwa ya aina ya kuongozwa kwa mbali, na hakuna waraka wa swichi za mezani ambao ungeizuia. Ilithibitisha tu kwamba anayeshika kibodi na skrini ameshika kompyuta nzima, na kwamba kifaa kisichotazamwa ndicho kinachomfaa mwizi.

Toleo la nne lilitoka Julai 2019, likagawa vipimo katika moduli: kibodi na kipanya, picha, sauti, na vifaa vya kuthibitisha utambulisho. Mwaka huohuo Uingereza iliacha kutoa vyeti vya Common Criteria. Kwa upande wetu wa Afrika, Ethiopia imejiunga na makubaliano ya kutambuana vyeti kama nchi inayopokea vyeti. Kenya na Tanzania hazimo. Hilo halimzuii ofisa manunuzi wa Dodoma au Nairobi, kwa sababu ripoti za tathmini huwekwa wazi kwa yeyote. Zabuni ikitaka tu swichi yenye cheti cha Common Criteria, kifaa kilichopimwa kwa waraka wa 2000 kinatosheleza sharti sawasawa na kilichopimwa kwa ule wa 2019. Ikitaja toleo la waraka, tarehe ya cheti na moduli zilizopimwa, muuzaji analazimika kusema kama lile tundu la spika liliwahi kuwekwa kwenye meza ya maabara au la.