Tuscaloosa, Aprili 2011: Onyo na Mahali pa Kukimbilia

Tarehe 27 Aprili 2011, tornado ziliua mamia ya watu kusini mwa Marekani. Jimbo la Alabama peke yake lilipoteza watu zaidi ya 230. Wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa uzamivu Tuscaloosa, mji ambao maisha yake yanazunguka Chuo Kikuu cha Alabama.

Ieleweke kwanza kwamba tornado si kimbunga cha baharini, ambacho watabiri hukifuatilia kwa siku kadhaa kabla hakijafika pwani. Ni nguzo ya upepo mkali unaozunguka, inayoshuka kutoka katika wingu la radi na kupita mahali kwa dakika chache. Kwa hiyo uhai hutegemea mambo mawili: kupata habari mapema na kuwa na mahali imara pa kujificha.

Siku ile habari haikukosekana. Ving'ora vililia, na televisheni zilionyesha mubashara nguzo ile ikiingia mjini. Hata hivyo, dhoruba ya alfajiri ilikuwa imekwisha kukata umeme katika sehemu nyingi za jimbo, hivyo kaya nyingi hazikuwa na televisheni ya kutazama. Sisi tuliokuwa chuoni tulishuka ghorofa ya chini ya jengo la zege, tukaketi sakafuni, migongo ukutani. Saa kumi na moja jioni ilipopita kidogo, tornado iliukata mji. Majengo ya chuo hayakupata madhara makubwa.

Nilipofika Barabara ya 15, mwendo mfupi tu kutoka chuoni, sikuitambua. Harufu ya utomvu wa misonobari iliyovunjika ilichanganyika na ya gesi. Rosedale Court, nyumba za umma za watu wa kipato cha chini, zilikuwa zimebomolewa. Mitaa ya Alberta na Holt nayo ilisambaratishwa. Hata jengo la idara ya maafa ya wilaya liliharibiwa, wakati ule ule idara hiyo ilipohitajika kuliko wakati wowote. Wanafunzi 6 wa chuo walifariki, nao waliishi nje ya kampasi. Mitihani ya mwisho ilifutwa, na mahafali yakaahirishwa hadi Agosti.

Maafa kama haya huitwa ya asili, na upepo ni wa asili kweli. Lakini ubora wa ukuta, bei ya pango na mahali zinapojengwa nyumba za maskini ni maamuzi ya binadamu. Kingo'ra kilichonifikia mimi ndicho kilichomfikia mkazi wa nyumba ya mbao. Mimi nilikuwa na zege juu ya kichwa changu, yeye hakuwa nayo.

Watumishi wa umma wanaoandaa mipango ya tahadhari wana wajibu wa kujibu swali moja kabla ya kuhesabu ujumbe uliotumwa: aliyeupokea atakimbilia wapi? Mpango usiojibu swali hilo umemfikishia mwananchi hofu tu.