Kadi ya Michoro: Jina na Kazi Yake

Mjini Bunia, jimboni Ituri mashariki mwa Kongo, kijana ambaye kompyuta yake kuukuu inakwamakwama kila anapofungua mchezo wa mpira haendi kwa fundi kuulizia kadi ya michoro. Anaulizia karte grafiki. Kifaransa ndiyo lugha ya darasani, hivyo carte graphique imeingia katika Kiswahili cha Ituri ikiwa imeshavaa matamshi ya hapa. Kadi ya michoro ni jina la maandishi zaidi, la kutoka Tanzania na Kenya.

Kadi ya michoro si jina la kubezwa. Grafiki inatokana na kitenzi cha Kigiriki, graphein, kilichomaanisha kukwaruza kabla ya kumaanisha kuandika na kuchora. Kuchora nako kuna sura hizo mbili: mtu huchora kwa kalamu karatasini, na huchora nakshi mlangoni kwa patasi. Aliyechagua michoro badala ya picha alipatia, maana kadi hii haipo ili kutunza picha. Inazichora.

Tena inachora kwa kasi ya kutisha. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina vitone 2,073,600. Mchezo ukienda picha 60 kwa sekunde, kila sekunde kuna vitone zaidi ya milioni 124 vya kupakwa rangi. Mchezaji, nyasi, kivuli cha goli, vyote huanza kama pembetatu ndogondogo. Kichakataji kikuu kingeifanya kazi hiyo polepole mno. Kadi ina vichakataji vidogo, mamia kwa mamia, vinavyochora kwa pamoja. Kampuni ya Nvidia ilipotoa GeForce 256 mwaka 1999, iliitangaza kuwa kichakataji michoro cha kwanza duniani.

Penye shaka ni neno kadi. Kifaransa kina carte mère na carte graphique, neno moja kwa vyote viwili. Kiswahili kinasema ubao mama, kisha kinageuka na kusema kadi. Anayejua kadi ya harusi hutarajia kitu chembamba, kumbe anapewa ubao wenye feni na mapezi ya alumini, pengine mnene wa nafasi mbili.

Hapo ndipo watu hupoteza pesa. Kompyuta ya Dell OptiPlex 7010 ya 2012, ile ya kasha dogo, ina pawasaplai ya wati 240 tu na haipokei kadi ya kimo cha kawaida. Nafasi yenyewe ya PCI Express, kadi inamochomekwa, haitoi zaidi ya wati 75. Kadi ya GeForce GTX 1050 Ti ya 2016 inaishia kwenye wati hizo hizo, kwa hiyo toleo lake la kimo kifupi lisilodai waya wa ziada litafaa. Kadi kubwa hutaka waya wa pini sita au nane, na pawasaplai hiyo haina.

Kabla ya kununua, kadi ya zamani ichomolewe kwanza. Meno yake ya ukingoni yamepakwa dhahabu, utando mwembamba kabisa, kwa sababu dhahabu haishiki kutu: madini yaleyale yanayochimbwa Mongbwalu, humu humu Ituri. Fundi huyasugua taratibu kwa kifutio cha penseli, huirudisha kadi, na mara nyingine skrini iliyokuwa nyeusi huwaka.

Je, iitwe ubao wa michoro? Hapana; huo ungekuwa ubao wa kuchorea. Kadi ya michoro inatosha. Karte grafiki iendelee kusemwa mezani kwa fundi, lakini anayeandika risiti Bunia aandike majina yote mawili, na chini yake wati na kimo.