MBINU SHIRIKISHI DARASANI: NI KITU GANI HASA?

Leo siasa tuziweke pembeni, tuongelee darasa. Najua wengi mnaopita hapa ni wanafunzi, au mmemaliza kidato cha nne kama mimi na bado mnahangaika.

Nilisoma shule ya kata, jina naliweka kapuni. Tulikuwa zaidi ya sabini darasani. Mwalimu anampa kiranja daftari, kiranja anaandika ubaoni, sisi tunanakili mpaka kengele. Ukiuliza swali unaitwa mjuaji. Daftari likajaa, kichwani hamna kitu. Baiolojia nikapata F, ndiyo maana mwaka huu narisiti kama mtahiniwa wa kujitegemea.

MAANA YAKE
Mbinu shirikishi ni ufundishaji unaomweka mwanafunzi katikati. Mwalimu hakai tu kutazama, la hasha! Anakuwa mwezeshaji: anapanga kazi, anazunguka kwenye vikundi, anauliza, anasahihisha. Mwanafunzi ndiye anayesema, anayejaribu na anayemweleza mwenzake.

Kwetu si jambo geni. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka shule imjengee mtoto akili ya kudadisi. Mwaka 2005 mtaala wa sekondari ukabadilishwa, kutoka kukariri kwenda kujenga umahiri, na mbinu shirikishi ndiyo ikawa njia yake. Mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024 imeshika njia hiyohiyo. Kwa walimu kuna MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambapo wanakutana shuleni kwao na kufundishana. Kwa hiyo kwenye karatasi tuko vizuri. Shida iko darasani.

AINA ZAKE
1. Bungua bongo: swali moja, kila mtu anatoa wazo, yote yanaandikwa ubaoni kwanza, kuchambua baadaye.
2. Fikiri, jozi, shirikisha: unafikiri peke yako, unajadili na jirani yako, kisha mnaliambia darasa. Aliyeileta ni Frank Lyman wa Marekani, mwaka 1981. Hata mkibanana watatu dawati moja inawezekana.
3. Vipande: mada inagawanywa, kila mmoja anasoma kipande chake na kuwafundisha wenzake. Elliot Aronson aliianzisha Austin, Texas, mwaka 1971, pale watoto weupe, weusi na wenye asili ya Mexico walipowekwa darasa moja wakawa hawaelewani. Kila mmoja akawa na kitu ambacho mwenzake anakihitaji.
4. Igizo dhima: mnaigiza tukio, mfano mkutano wa kijiji kwenye somo la Uraia.

KIJIWENI KWETU IGUGUNO
Sisi tunaorisiti tuko wanne. Tunakutana jioni nyuma ya mashine ya kukamulia alizeti, ikizimwa tu tunaanza. Juzi tuligawana mmeng'enyo wa chakula: mmoja kinywa, mwingine tumbo, mimi utumbo mwembamba, wa nne utumbo mpana. Nikajiona nimeiva. Wakaniuliza, nyongo inatengenezwa wapi? Nikasema kwenye kongosho. Wakanibana! Dada mmoja wa kikundi akasema, "Wewe hujawahi kuchinja kuku? Kile kifuko cha kijani kikipasuka nyama inakuwa chungu, kimeshikana na nini?" Na ini. Ini ndilo linalotengeneza nyongo, kifuko kinaihifadhi, kisha inamwagwa kwenye utumbo mwembamba kuyavunjavunja mafuta. Miaka minne nilinakili jambo hilo sikulijua. Kwa dakika moja nimelijua, na silisahau tena.

VIKWAZO
Tusidanganyane, vipo. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 40 kwa darasa la sekondari, ukiwa na 80 vikundi vinageuka soko. Kuna wanaopiga stori wakati mmoja anafanya kazi ya wote. Kisha lugha: mtu anajua jibu kwa Kiswahili, akitakiwa kusema kwa Kiingereza ananyamaza. Sisi tunaelewana kwanza kwa Kiswahili, kisha kila mmoja anaandika jibu kwa Kiingereza, maana mtihani hautatuonea huruma.

Kinachosaidia ni hiki: kikundi kisizidi watu sita, kila mtu awe na kazi yake, swali liwe moja na muda ujulikane. Na mwalimu amchague yeyote kuwasilisha, si yule mjuaji wa kila siku. Hapo hakuna wa kusinzia.

Mtihani ni Novemba. Nikifaulu nitawaambia, nikifeli pia nitawaambia, sitaingia mitini. Je, shuleni kwenu mnafundishwaje? Na walimu mnaopita hapa, darasa la watu 80 mnaligawaje? Tiririkeni hapo chini, matusi hapana.

Naomba kuwasilisha.