Tonypandy, Kinshasa na Kailo: Bingwa Hutoka Wapi?

Wachimbaji wa makaa ya mawe wa Wales kusini walijulikana kwa makovu ya buluu: kidonda kilipofunga, vumbi la makaa lilibaki ndani ya ngozi. Tommy Farr wa Tonypandy alipanda ulingoni na makovu hayo. Alianza kazi ya mgodi angali mtoto, na ndondi akaikomalia katika hema la ndondi la Joe Gess huko Tylorstown, ambako kijana alipigana kwa ujira mdogo mbele ya watu wa bonde lake. Mwaka 1937 alitwaa ubingwa wa Uingereza wa uzito wa juu. Tarehe 30 Agosti mwaka huohuo akamaliza raundi zote 15 na Joe Louis, bingwa wa dunia, jijini New York. Alishindwa kwa pointi, lakini nyumbani, ambako watu walikesha redioni, alipata heshima ya mshindi.

Kailo, jirani ya Kindu mkoani Maniema, Kongo, vijana nao wanachimba. Wanapasua udongo kwa sururu na beleshi, wanaosha mchanga wa kasiterite na wolframiti katika maji ya mfereji, kisha gunia linapanda begani. Kwa mabega na pumzi, sioni walichopungukiwa mbele ya watoto wa Tonypandy. Tofauti ni kwamba wale walikuwa na hema la ngumi karibu na mgodi.

Katika ndondi, Kongo yetu ilianzia juu. Oktoba 30, 1974, Ali na Foreman walipigana Kinshasa, kila mmoja kwa dola milioni 5. Pambano lilipangwa saa kumi alfajiri ili Wamarekani walitazame usiku wao. Ali alimwangusha Foreman raundi ya 8, nasi tunausimulia usiku ule kwa fahari, na ni haki yetu. Lakini hema la Gess, lisilo na jina duniani, lilikuwa na kazi ambayo uwanja wa usiku mmoja hauwezi kuifanya: kumfunza mtoto wa jirani, wiki baada ya wiki.

Mtazame Martin Bakole, mzaliwa wa Kananga. Ili awe bondia wa uzito wa juu wa kuogopwa, aliweka makazi Scotland. Agosti 2024, Los Angeles, alimsimamisha Jared Anderson raundi ya 5. Februari 2025 aliitwa Riyadh siku mbili tu kabla ya pambano, kuziba nafasi ya Daniel Dubois aliyeugua. Joseph Parker akammaliza raundi ya pili. Waliomdhihaki hawakumtendea haki. Kwa bondia anayetafuta riziki ugenini, ni vigumu kukataa wito, hata ukija bila muda wa kujiandaa.

Viongozi wa Maniema, na ninyi mnaonunua madini ya Kailo: nguzo nne, kamba, gunia la kupiga na mwalimu anayelipwa kila mwezi vinatosha kuanzia. Wekeni hapo hapo, karibu na mashimo.