Hitilafu za soketi katika gari-nyumba la zamani

Hitilafu za soketi katika gari-nyumba la zamani ni matatizo ya umeme yanayojitokeza kwenye soketi za ukutani za magari ya kuishi na kusafiria yaliyotengenezwa Marekani, hasa katika miaka ya 1960 na 1970. Gari-nyumba ni gari lenye injini yake ambalo ndani lina vitanda, jiko na choo. Kampuni ya Winnebago ya Forest City, jimbo la Iowa, ilianza kuyatengeneza mwaka 1966, na General Motors ilitoa GMC Motorhome kuanzia 1973 hadi 1978. Mengi bado yanatembea. Nyaya zake zimetikiswa barabarani kwa karibu nusu karne au zaidi, na mara nyingi zimepita mikononi mwa wamiliki kadhaa ambao si wote walikuwa mafundi.

Mifumo miwili ya umeme

Gari-nyumba lina mifumo miwili. Wa kwanza ni wa mkondo mnyoofu wa volti 12 kutoka kwenye betri. Huu huwasha taa, pampu ya maji na feni ndogo. Wa pili ni wa mkondo geu wa volti 120, hezi 60, na ndio unaolisha soketi. Umeme wake huingia kwa kebo nene inayochomekwa kwenye kisanduku cha umeme kambini, au hutoka kwenye jenereta ya gari. Kifaa kinachoitwa konvata hubadilisha volti 120 kuwa volti 12 na kuchaji betri.

Kwa sababu hiyo taa zinaweza kuwaka vizuri huku soketi zote zimekufa. Taa zinatumia betri, kwa hiyo hazithibitishi lolote kuhusu soketi.

Nyaya za volti 120 ni tatu: waya wa moto (mweusi), nyutro (mweupe) na waya wa ardhi (wa kijani au usio na ganda). Kwenye soketi, mweusi hufungwa kwenye skrubu ya rangi ya shaba, mweupe kwenye skrubu ya rangi ya fedha. Msomaji wa Kenya au Tanzania, aliyezoea volti 230 hadi 240 na plagi ya pini tatu za mraba yenye fyuzi ndani, akumbuke kwamba plagi ya Marekani haina fyuzi, na soketi zake kwa kawaida hazina swichi.

Soketi zote zimekufa

Ikiwa hakuna soketi hata moja inayofanya kazi, uchunguzi huanzia nje ya gari. Kwanza hupimwa kisanduku cha kambini: kipimo kinapaswa kuwa kati ya volti 114 na 126. Kisha hukaguliwa plagi ya kebo, ambayo pini zake huungua na kuwa nyeusi, halafu breka kuu ndani ya gari, ambayo katika magari mengi ya zamani ni ya ampea 30. Katika baadhi ya magari hayo hakuna swichi ya kubadilisha chanzo cha umeme; kebo ya gari lazima ichomekwe kwa mkono kwenye soketi ya jenereta. Mmiliki mpya asiyejua jambo hilo anaweza kufungua ukuta mzima akitafuta waya uliokatika, kumbe kebo imelala tu ndani ya kasha lake.

Chanzo kingine ni soketi ya nyumbani iliyofungwa vibaya. Plagi ya gari ya ampea 30 ina pini tatu na ni ya volti 120, lakini hufanana na ile ya mashine ya kukaushia nguo, ambayo ni ya volti 240. Fundi asiyeyafahamu magari haya huweza kupeleka volti 240 humo, na konvata, televisheni na oveni ya maikrowevu huharibika mara moja. Kupima kabla ya kuchomeka huchukua nusu dakika.

Soketi chache zimekufa

Soketi za upande mmoja zikifa pamoja, hutafutwa kwanza kikata umeme cha GFCI, ambacho hulinganisha mkondo wa waya wa moto na wa nyutro na kukata tofauti inapofika miliampea 4 hadi 6. Magari ya mwanzo hayakuwa nacho, lakini mengi yaliwekewa baadaye. Kimoja kilichoko bafuni huweza kulisha pia soketi ya jikoni na ya nje ya gari, hivyo mvua ikiingia kwenye soketi ya nje, ya jikoni nayo huzimika.

Kisababishi kikubwa zaidi ni maungio yaliyolegea. Soketi nyingi za magari-nyumba hazina skrubu. Nyaya zimesukumwa kwenye meno ya chuma yanayotoboa ganda. Mtikisiko huyalegeza. Muungio kama huo hudanganya: mita ya kidijitali huonyesha volti 120 kamili wakati hakuna kinachotumia umeme.

Mfano ni hita ya wati 1,500. Kwa volti 120 inavuta ampea 12.5, yaani ukinzani wake ni omu 9.6. Muungio uliolegea ukiongeza omu 1, mkondo hushuka hadi karibu ampea 11.3, na hita hupata volti 109 tu. Lakini muungio wenyewe hutoa joto la karibu wati 128, ndani ya plastiki iliyo kwenye ukuta wa mbao nyembamba. Breka haikati, kwa kuwa mkondo umepungua. Ndiyo maana soketi hupimwa ikiwa na mzigo, na ile yenye uvuguvugu, harufu ya kuungua au rangi ya kahawia haitumiki tena hadi ibadilishwe.

Mwili wa gari wenye umeme

Gari limesimama juu ya mipira, hivyo njia yake ya kufika ardhini ni waya wa ardhi ulio ndani ya kebo. Nyutro na ardhi huunganishwa kwenye chanzo cha umeme. Ndani ya paneli ya gari lazima zitenganishwe. Mtu aliyeziunganisha humo kama alivyozoea nyumbani huufanya mwili wa gari ubebe mkondo wa nyutro. Waya wa ardhi ukikatika pia, na waya wa moto na nyutro zikiwa zimebadilishana kwenye chanzo, mwili mzima huweza kupata volti 120, na anayesimama kwenye nyasi mbichi akishika mpini wa mlango hupigwa. Soketi za ndani huendelea kufanya kazi kama kawaida.

Kabla ya kufungua paneli, kebo huchomolewa, jenereta huzimwa, na inveta, kama ipo, hutenganishwa na betri. Kisha mita huwekwa kati ya baa ya nyutro na baa ya ardhi. Ikionyesha muunganiko, nyaya nyeupe hutolewa kwenye baa moja moja hadi muunganiko upotee. Waya wa mwisho kutolewa ndio wenye hitilafu. Mara nyingi hukutwa skrubu ya kabati iliyotoboa kebo, au elementi ya hita ya maji iliyopasuka. Usipopotea hata nyaya zote zikitolewa, hutafutwa skrubu au kipande cha chuma kinachounganisha baa hizo mbili ndani ya paneli yenyewe.