Video yako ya ushabiki ikiibwa mtandaoni: mambo ya kufanya

Umekesha siku tatu na simu yako. Umekusanya vipande vya filamu unayoipenda, umevikata kimoja kimoja, ukavipanga vikaendana na mdundo wa wimbo. Umenunua bando, umeipakia mtandaoni, watu mia mbili wameitazama. Wiki moja baadaye rafiki anakutumia kiungo. Ni video yako ileile, iko kwenye akaunti ya mtu usiyemjua, jina lako limefunikwa na lake limeandikwa juu. Yake imetazamwa mara laki moja.

Ufanye nini? Katika makala hii tunaeleza video za ushabiki ni kitu gani, sehemu gani ya kazi hiyo ni yako, na hatua za kuchukua mtu akiiiba, bila wewe mwenyewe kujiingiza kwenye matatizo.

Video za ushabiki zilianzia wapi?

Video ya ushabiki ni video inayotengenezwa na mpenzi wa filamu, tamthilia, katuni au mchezo kwa kutumia picha ambazo tayari zipo. Huzikata, huzipanga upya na mara nyingi huziwekea wimbo, ili kusema jambo kuhusu kile anachokipenda: huzuni ya mhusika fulani, au ushujaa wake.

Kazi hii ni ya zamani kuliko simu na intaneti. Mwaka 1975 nchini Marekani, Kandy Fong aliwaonyesha mashabiki wenzake picha za tamthilia ya Star Trek kwa mashine ya slaidi, huku wimbo ukipigwa kwenye kanda. Mwaka 1982 Jim Kaposztas aliunganisha deki mbili za video, akakata vipande vya katuni ya Kijapani na kuviwekea muziki. Kwa miaka mingi mashabiki walirekodiana kanda kwa mkono, na kila mmoja alijua kanda imetoka kwa nani.

YouTube ilipoanza mwaka 2005, hali ilibadilika. Mfano unaojulikana sana ni video ya Star Trek iliyowekewa wimbo uitwao "Closer". Ilitengenezwa na mashabiki wawili kwa ajili ya wenzao. Mwaka 2006 mtu mwingine aliipakia YouTube bila ruhusa yao. Ikasambaa kwa kasi, na wengi walioitazama hawakujua kabisa nani aliyeitengeneza. Miaka mingi imepita, lakini jambo hilohilo bado linawakuta vijana wanaohariri video kwa simu.

Kipi ni chako, kipi si chako?

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa hiyo tusome taratibu.

Filamu si yako. Wimbo si wako. Picha za mpira wa televisheni nazo si zako. Vyote hivyo vina wenyewe, na kutaja jina la mwenye wimbo chini ya video si sawa na kupewa ruhusa yake.

Kinachoweza kuwa chako ni kazi uliyoiongeza: namna ulivyochagua vipande, mpangilio wake, maandishi uliyoandika, michoro uliyochora, sauti yako kama umesimulia. Huo ni ubunifu, na ubunifu una haki.

Tatizo ni kwamba haki yako imesimama juu ya vitu vya watu wengine. Sheria ya Marekani, ambayo ndiyo msingi wa taratibu za YouTube, ina kanuni ya matumizi ya haki. Kanuni hiyo huruhusu baadhi ya matumizi ya kazi ya mtu bila ruhusa, kwa kuangalia mambo manne: umeitumia kwa lengo gani, kazi yenyewe ni ya aina gani, umechukua kiasi gani, na umeathiri vipi soko la mwenyewe. Video yenye ujumbe mpya na isiyo ya biashara ina hoja yenye nguvu zaidi. Ukipakia filamu nzima au wimbo mzima bila kuongeza chochote, hoja yako ni dhaifu sana. Na kama vitu ulivyotumia umevitumia kinyume cha sheria, sheria hiyo haikulindi katika sehemu ile ulimovitumia.

Kwa hiyo kabla ya kumshtaki mwizi wako, jiulize: je, nami nikiulizwa, nina jibu?

Je, ni wizi kweli?

Si kila video inayofanana na yako imeibwa. Watu wawili wanaweza kuchagua filamu moja na wimbo mmoja bila kujuana. Wazo halina mwenyewe. Kama wewe ulikuwa wa kwanza kuoanisha mhusika fulani na wimbo fulani, hiyo haikupi haki ya kuwazuia wengine.

Linganisha video mbili hizo ukiwa umetulia. Tazama picha zinabadilika katika sekunde zilezile? Rangi na maandishi ni yaleyale? Dalili nzuri kuliko zote ni kosa lako mwenyewe. Kama wewe uliacha kipande kikakatika vibaya kwenye sekunde ya 14, na chake kimekatika vilevile hapohapo, amenakili.

Wezi wana mbinu zao. Wengine hugeuza picha kama inavyoonekana kwenye kioo, wengine hukata pembeni ili jina lako litoke, wengine huongeza kasi kidogo au kubandika fremu. Ndani yake kazi hubaki ileile.

Kuna pia wanaosambaza video kwa kuipenda tu, wakidhani wanakusaidia. Huyo hana nia ya wizi, na mara nyingi neno moja la upole linamtosha.

Hatua ya kwanza: weka ushahidi

Usianze kwa kumtukana kwenye maoni. Akiona umegundua, anaweza kufuta video au kukufungia usiione akaunti yake, nawe ukabaki mikono mitupu. Kwanza fanya haya:

1. Nakili kiungo cha video yenyewe, si jina la akaunti peke yake. Jina la akaunti hubadilishwa kwa dakika moja.

2. Piga picha ya skrini inayoonyesha video, jina la akaunti, tarehe na idadi ya waliotazama.

3. Tafuta kiungo cha video yako ya awali na tarehe uliyoipakia.

4. Tunza faili la asili na mradi wake ndani ya programu uliyotumia kuhariri. Mradi unaoonyesha vipande kimoja kimoja ni ushahidi mkubwa, kwa sababu aliyeiba ana video iliyokamilika tu.

Usitegemee nakala uliyotuma kama video ya kawaida kwenye WhatsApp, kwa kuwa programu hiyo hupunguza ubora. Ukitaka kuhifadhi ubora, itume kama dokumenti, au iweke kwenye kadi ya kumbukumbu. Simu hupotea na simu huharibika, hivyo ni vyema kuwa na nakala sehemu mbili.

Hatua ya pili: mwandikie kwa faragha

Mwandikie ujumbe mfupi usio na matusi wala vitisho. Kwa mfano:

"Habari ndugu. Video uliyoweka tarehe 3 ni kazi yangu, niliipakia tarehe 20 mwezi uliopita. Kiungo cha asili ni hiki hapa. Naomba uiondoe ndani ya siku tatu, au kama ungependa ibaki, tuzungumze kuhusu kutaja jina langu na kuweka kiungo changu. Asante."

Ujumbe wa namna hii una faida mbili. Asiyejua atajirekebisha, na anayejua anachofanya atakuwa amepewa nafasi, jambo ambalo nawe utaweza kulionyesha baadaye. Piga picha ya skrini ya ujumbe wako na ya jibu lake.

Hatua ya tatu: ombi la kuondoa video

Akikaa kimya au akikataa, mitandao mikubwa kama YouTube, TikTok na Facebook ina fomu za kuripoti ukiukaji wa hakimiliki. Fomu hizo ni za bure. Mtu akikuambia umlipe ili "akuondolee video", au akikuomba neno la siri la akaunti yako, huyo ni tapeli.

Utaratibu huu unatokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayojulikana kwa kifupi kama DMCA. Mwenye haki anatuma taarifa, mtandao unaondoa video, na aliyeipakia anapewa nafasi ya kupinga.

Kwenye YouTube, video ikiondolewa kwa ombi la hakimiliki, akaunti husika hupata onyo. Maonyo matatu ndani ya siku 90 yanaweza kufanya akaunti ifungwe. Mwenye video naye anaweza kutuma notisi ya kupinga. Akifanya hivyo, mlalamikaji ana siku 10 za kazi kuonyesha kwamba amechukua hatua za kisheria, la sivyo video inaweza kurudishwa.

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma, fahamu mambo matatu.

Kwanza, fomu inataka jina lako halisi, na aliyepakia video anaweza kuliona. Kama unatumia jina la ushabiki kwa sababu za usalama, hasa wewe binti unayefuatwafuatwa mtandaoni, fikiria sana. Zungumza na mtu mzima unayemwamini.

Pili, unatia saini tamko la kisheria. Kusema uongo kwa makusudi, kwa mfano kudai video ambayo si yako ili kumkomoa mpinzani, kunaweza kukuletea madai ya fidia.

Tatu, dai sehemu iliyo yako tu. Usiandike kwamba wewe ndiye mwenye filamu au wimbo. Eleza kwamba unadai uhariri wako: mpangilio wa vipande, maandishi, michoro. Ukivuta macho kwenye video hizo mbili, kampuni yenye wimbo inaweza kuziondoa zote, ya kwako ikiwemo.

Kama anayelalamikiwa ni wewe

Inatokea pia kwamba mwizi ndiye anayekuwahi kuripoti. Usiogope na usifute kitu. Soma taarifa uliyopewa, angalia nani amelalamika na kuhusu sekunde zipi. Kama ni mwenye wimbo kweli, huenda njia rahisi ni kubadilisha wimbo. Kama ni mtu aliyeiba kazi yako, ushahidi uliouweka ndio utakaokuokoa unapojaza notisi ya kupinga.

Mashabiki wa kawaida wamewahi kuyapinga makampuni makubwa. Mwaka 2007 mama mmoja Marekani, Stephanie Lenz, alipakia video ya sekunde 29 ya mtoto wake akicheza wimbo wa Prince. Kampuni ya muziki ya Universal iliomba iondolewe. Kesi ilidumu miaka, na mwaka 2015 mahakama ya rufaa ilisema mwenye haki anapaswa kwanza kufikiria kama matumizi hayo yanaruhusiwa kabla ya kuomba video iondolewe.

Sheria za kwetu

Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na ofisi inayohusika ni COSOTA. Zanzibar ina sheria yake na ofisi yake, COSOZA. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, inayosimamiwa na KECOBO. Haki haitokani na kusajili. Inaanza pale kazi inapotengenezwa. Lakini usajili husaidia kuthibitisha, hasa kwa kazi ambayo yote ni yako, kama wimbo wako au filamu uliyopiga mwenyewe.

Kwa video ya ushabiki, kwenda ofisini au mahakamani ni safari ndefu na mara nyingi gharama ni kubwa kuliko kilichoibwa. Anza na mtandao wenyewe.

Jamii ya wahariri ina nguvu

Katika makundi mengi ya wahariri, sheria zisizoandikwa zinafanya kazi kuliko za serikali: omba ruhusa kabla ya kupakia kazi ya mwenzako, mtaje jina, weka kiungo chake, na akikataa heshimu. Kundi likikubaliana hivyo tangu mwanzo, ugomvi hupungua.

Lakini nguvu hiyo inaweza kudhuru. Kumwaga picha ya mtu na namba yake ya simu kundini ili mamia wamshambulie ni kosa, na mara kadhaa aliyeshambuliwa hakuwa na hatia. Wasimamizi wa kundi waangalie video zote mbili, wasikilize pande zote mbili, kisha ndipo waseme.

Na wewe unayetazama una nafasi yako. Ukiona video nzuri, kabla ya kuisambaza, angalia kama jina lililofunikwa linaonekana kwa mbali. Mtafute mwenyewe. Sambaza kiungo chake badala ya kupakua na kupakia upya. Kijana aliyekesha na simu yake, akichaji kwa jirani mwenye sola, hana kampuni ya kumtetea. Mara nyingi malipo pekee anayopata kwa kazi ile ni watu kujua kwamba ni yeye aliyeifanya.